Dole Lililoliwa na Nta

Watu wa mtaa wa Ng'ambo walilijua dole gumba la Mwanne binti Abbasi kuliko walivyoujua uso wake, na uso wenyewe haukuwa wa kusahaulika. Wachemshaji wa nta wa Tabora walikuwa na desturi yao. Nta ikishachujwa na kumiminwa kwenye karai, ikaanza kufifia rangi na kushika, mwenyewe hubonyeza dole lake katikati ya mkate huo wa nta kabla haujawa mgumu. Hiyo ndiyo hati yake. Mnunuzi akiona dole la fulani, anajua kama ndani mna nta tupu au mna mchanga na unga wa muhogo. Dole la Mwanne lilikuwa na kovu lililokata kutoka ubavuni mwa ukucha hadi chini, na pande zote za kovu hilo ngozi ilikuwa laini, inang'aa, haina hata mstari mmoja. Mikate yenye alama hiyo, Mhindi Kasamali, aliyenunua nta ya nusu ya wilaya, hakuwa na haja ya kuitoboa kwa msumari. Aliipima, akaiweka kando, akalipa.

Kovu hilo halikuja bure. Kila msimu nta ya moto ilimrukia, kila msimu ngozi ya vidole ikambanduka kama ganda la kitunguu, ikaota nyingine, nayo ikabanduka. Mwaka wa arobaini na tatu gunia la kuchujia likampasukia mikononi. Alilala siku tisa. Siku ya kumi akawasha moto, kwa sababu masega hayamngoji mtu apone. Yakikaa yanaingia funza.

Zamda, mdogo wake, ndiye aliyempepea siku hizo tisa, na tangu hapo hakuacha kulitaja jambo hilo. Zamda alikuwa ameolewa mara tatu na kurudi mara tatu, na kila aliporudi alirudi na mikono mororo zaidi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu ambaye kazi ikiingia kwa mlango wa mbele, yeye anakumbuka shughuli yake mlango wa nyuma. Nta ilimtia kichefuchefu, moshi ulimliza, na hina ya mikononi mwake haikutaka masihara na moto.

Mwanne alivumilia moshi, akamvumilia Zamda, akavumilia na mizani ya Kasamali iliyopenda kulala upande wa mwenyewe, kwa sababu ya jambo moja. Alitaka nyumba. Si nyumba yoyote, bali ile ile aliyozaliwa ndani yake na ambayo alikuwa akiilipia kodi kila mwezi: nyumba ya Mzee Nasoro, Mwarabu wa zamani wa mji ule, yenye vyumba vinne, kisima, na ua mpana ambamo Mwanne alijenga meko yake matatu. Babu yake alifika mjini na msafara kutoka Ujiji, pembe ya ndovu begani, akaitua katika ua huo, na hakubeba tena. Baba yake Nasoro alimweka pale awe mtunza mizigo. Mpagazi alimwachia furushi lake, akaenda zake Manyema, akarudi baada ya miaka mitatu amekonda, ndevu zimefika kifuani, na babu akamtazama usoni akasema, "La kwako liko pale, nyuma ya mlango." Hakuna aliyeombwa dole.

Siku hizo zilikwisha, zikaja za benki. Mwaka wa thelathini na nne, Mwanne alipokuwa bado akiuza vitumbua na mikono yake ni ya binti wa watu, karani mmoja alipita Ng'ambo akihubiri kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanne akaenda. Walipomwambia atie saini, alishika kalamu akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, kama marehemu baba yake alivyomfundisha, herufi nzuri zilizosimama sawasawa. Karani akatikisa kichwa. "Bwana hasomi hayo. Weka dole tu. Dole halidanganyi." Wakampaka wino, wakalibonyeza dole kwenye kadi, wakampa kitabu chenye jalada jekundu.

Tangu hapo, kila msimu wa asali ulipokwisha, alikwenda kwenye dirisha la ubavuni, maana mlango wa mbele ulikuwa wa Wazungu na matajiri wa Kihindi, akapitisha fedha zake chini ya nondo. Karani anahesabu, anaandika, anagonga muhuri. Mara moja tu alitoa: mwaka wa thelathini na sita, kwa sanda ya mama yake. Alikuwa na mwaka mmoja tu katika kazi ya nta, na dole likakubaliwa bila maneno. Baada ya hapo hakutoa hata senti kwa miaka kumi na sita. Ile ilikuwa nyumba, na mtu hamegi nyumba yake akanunulia kitoweo.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa tisa, mwaka wa hamsini na mbili, Mzee Nasoro akaja na bakora yake, akaketi kwenye baraza.

"Mwanne, mwanangu, mimi naondoka. Watoto wananiita Maskati, nikafie kwao. Tiketi ya garimoshi iko mfukoni, Jumamosi ijayo."

"Na nyumba, baba?"

"Nauza. Yupo mtu wa malori kutoka Shinyanga, kaja na shilingi elfu moja na mia mbili mkononi. Nimemwambia, humu mna binti kazaliwa humu, yeye kwanza. Nimekuwekea hadi Ijumaa, baada ya sala. Bei ni hiyo hiyo."

Mwanne akacheka kwa sauti, akaushika mkono wa mzee akaubusu. Fedha alikuwa nazo, na zaidi. Kitabu chekundu kilisema elfu moja, mia nne na sitini. Zamda, ambaye kwa kawaida habari za fedha alizisikia hata akiwa usingizini, alitoka chumbani akapiga kigelegele mpaka majirani wakauliza nani anaolewa.

Jumatatu Mwanne alivaa kanga mpya akaenda benki. Dirishani alikuwapo Eustace, kijana wa misheni, ambaye kwa misimu sita alikuwa akimpokea na kumuuliza habari za nta.

"Shikamoo, Bi Mwanne."

"Marahaba, mwanangu. Leo sikuja kuweka. Leo nimekuja kuchukua."

Uso wa Eustace ukapungua kidogo, kama wa mtu aliyedhani mgeni wake ni wa chai kumbe ni wa kulala. Akaleta kidau cha wino. Mwanne akapiga dole. Eustace akalitazama, akatoa kadi kutoka kwenye kasha, akatazama tena.

"Hebu tena, mama."

Akapiga tena. Walipiga mara tano, mpaka wino ukafika kwenye kifundo cha mkono. Kila mara likatoka doa jeusi lenye ufa mweupe katikati. Eustace akaichukua karatasi akaingia nayo ndani kwa Bwana, Mzungu mkuu wa benki. Mwanne alisikia kiti kikisogezwa na sauti mbili. Eustace akarudi bila kumtazama.

"Bwana anasema halifanani."

"Halifanani na nini?"

"Na la kwenye kadi."

"La kwenye kadi ni la msichana muuza vitumbua. Mimi nachemsha nta. Nitafananaje naye?"

"Bwana anasema uje kesho asubuhi."

Mwanne akashika nondo za dirisha. "Eustace. Nitazame. Mimi ni nani?"

"Wewe ni Bi Mwanne."

"Basi mwambie Bwana wako."

"Nimemwambia," Eustace akasema, na kwa kweli alionekana kuona haya. "Mimi nakujua, mama. Benki ndiyo haikujui."

Jumanne asubuhi alikwenda na Kasamali. Yule Mhindi alifunga duka lake, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi ya mwanawe, akasimama dirishani kofia mkononi. "Dole hii mimi najua miaka kumi na saba," akasema. "Dole hii kwa mimi ni sawa na hundi." Bwana akaleta jibu kupitia Eustace: Kasamali anafanya biashara na huyu mama, kwa hiyo ushahidi wake una faida ndani yake, alete barua ya jumbe. Mwanne akaenda kwa jumbe, akangoja mpaka alasiri, akalipa shilingi mbili, bei ya karatasi. Jumatano barua ikafika dirishani. Ilisema kwamba mbeba barua ni Mwanne binti Abbasi wa Ng'ambo. Bwana akasema ni kweli, lakini Mwanne ni jina la wengi na Abbasi vilevile, na jumbe hakueleza ni Mwanne yupi kati ya hao ndiye mwenye akaunti.

"Wachemsha nta wenye jina hilo wako wangapi Ng'ambo?" Mwanne akauliza.

"Kesho asubuhi, mama."

Alirudi nyumbani akakaa kando ya kisima. Alichokuwa akikitaka hakikuwa msaada wala mkopo. Kilikuwa chake. Angekuwa ameiba, angeona haya na kunyamaza; lakini kuombeleza kitu chako mwenyewe, mbele ya kijana unayeweza kumzaa, kunamchuna mtu ngozi kuliko nta.

Zamda alikuwa amelala mkekani, amejiegemeza kwa kiwiko. "Dada," akasema, "ule mkate wa mama je?"

Mwanne akainuka. Ule mkate! Mwaka wa thelathini na tano, alipojifunza kazi, mkate wa kwanza alioutoa, mama yake alikataa usiuzwe. Aliuhifadhi kwenye kasha lake, umefungwa kaniki, akiutolea kipande pembeni kupaka nyuzi na nyufa za visigino. Walifungua kasha. Mkate ulikuwapo, umepiga weusi kwa umri, umeliwa pembeni, na katikati yake dole la msichana, mistari imejipanga kama matuta ya shamba la viazi. Mwanne aliligusa kwa dole lake la sasa, likaingia kwenye shimo lake lile lile likajaa. Akalia kidogo. Zamda naye akalia, na safari hii hakuyataja machozi yake.

Alhamisi alikuwa wa kwanza dirishani. Eustace alipoufungua mkate macho yalimtoka. Aliukimbiza ndani, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minane Mwanne akamwona Bwana: mtu mwembamba, mwekundu shingoni, akija kusimama mahali penye mwanga na lenzi jichoni, kadi mkono huu, mkate mkono huu. Alitazama muda mrefu. Kisha akaguna, akasema maneno kadhaa ya Kiingereza, akaingia zake.

"Ni dole lile lile!" Eustace akasema, meno nje. "Bwana amekubali! Anasema imethibitika bila shaka kwamba aliyeubonyeza mkate huu ndiye mwenye akaunti."

"Alhamdulillahi. Haya, nihesabie."

Meno ya Eustace yakarudi ndani. "Sasa anasema... anauliza, huyo aliyeubonyeza yuko wapi?"

Mwanne akaunyoosha mkono wake wenye kovu kupitia nondo.

"Kila kitu kitapelekwa Dar es Salaam," Eustace akaendelea upesi, kama anayemeza dawa. "Kadi, barua ya jumbe, na mkate. Wakubwa wataamua. Mkate utabaki hapa, mama."

Hata huo waliupokea mara moja, wakautia ndani ya sefu, bila kumuuliza kama ni wake.

Ijumaa baada ya sala Mzee Nasoro alingoja kwenye baraza. Mtu wa malori alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, anachokoa meno. Mwanne akatoa kitabu chekundu akakiweka magotini mwa mzee.

"Fedha ziko humu, baba. Zote. Chukua kitabu, nipe nyumba, zitakufuata huko huko."

Mzee alikipindua kitabu kile, akakifungua, akakifunga. Alikuwa akilia waziwazi. "Mwanangu, Maskati nitamwonyesha nani kitabu hiki? Mimi najua kuwa unazo. Lakini tiketi ni ya kesho, na mimi ni mtu wa kaburi." Akangoja mpaka alasiri, akangoja mpaka adhana ya alasiri ikaisha, kisha akanyoosha mkono akamwita yule wa malori.

Mtu wa malori hakuwa mkatili. Aliwapa juma zima la kuhama. Siku ya nane alileta nyundo. Meko yote matatu aliyavunja asubuhi moja, vifusi vyake akajazia mashimo ya lango ili malori yapite.

Walihamia Isevya, vyumba viwili vya kupanga, hakuna ua. Mwanne akachemshia nta kando ya njia, na kila siku palikuwa na jirani wa kulalamika moshi. Ubaya una mambo yake: katika miezi hiyo Zamda alibadilika. Alimwona dada yake akipanga mawe matatu barabarani kama mpita njia, likamwingia jambo. Akaanza kubeba kuni. Siku moja akashika mwiko akakoroga karai, uso umegeuziwa pembeni, machozi yanamtoka, lakini akakoroga. Mwanne akajifanya hakuona, asije akamshtua. Moyoni alifikiri: nimepoteza nyumba, nimepata ndugu.

Mwezi wa kwanza wa mwaka mpya, Eustace alimtumia ujumbe. Barua ilikuwa imerudi kutoka Dar es Salaam. Wakubwa wameamua kwamba mama huyo atambuliwe kwa kovu lake, apigwe dole jipya, mambo yaishe.

"Sasa hakuna taabu tena, Bi Mwanne," Eustace akasema dirishani, kadi mpya mkononi. "Bwana anakuomba radhi kwa usumbufu. Utaendelea kuweka kama zamani."

"Nipe zote."

"Zote?"

"Mpaka senti ya mwisho. Na mkate wangu."

Eustace akazihesabu polepole. Kisha akakuna shingo. "Mkate, mama... haukurudi. Labda uliyeyuka njiani. Huko pwani joto jingi."

Mwanne akazifunga fedha kwenye pindo la kanga. "Nisikilize, mwanangu, maana sitakuja tena. Miaka kumi na minane nimeleta fedha hapa. Hamkuniuliza hata siku moja kama mimi ni mimi. Ningekuja kipofu, ningekuja sina mikono, mngezipokea. Nilipotaka kuzitoa, ndipo nikawa mtu asiyejulikana. Babu yangu aliwatunzia watu pembe za ndovu mlangoni pake, hakuwa na sefu wala lenzi. Mwambie Bwana wako hivyo. Au usimwambie. Hayo nayo hatayasoma."

Sasa zikaanza shida za mwenye fedha mkononi. Vyumba vya Isevya vilikuwa na ukuta mmoja kati ya wapangaji, na ukuta wenyewe haukufika juu. Luhende, mlina asali kutoka Sikonge aliyemletea masega kwa baiskeli, alimsalimu kwa Kinyamwezi, akampa shauri lake: "Mwangaluka, mayu. Zifukie mwituni, chini ya mti wenye mzinga wangu. Nyuki ni askari wazuri."

"Na mchwa, Luhende? Hizi ni noti. Mchwa hawaogopi nyuki."

Kasamali alijitolea kumtunzia dukani. Mwanne alimshukuru kwa moyo, akakataa kwa akili: mtu anayekununulia nta akishika na akiba yako, amekushika shingo na miguu. Akaenda posta. Nako wakamwambia: dole.

Ndipo ikafunguliwa benki nyingine, njia ya stesheni, jengo lenye rangi mbichi. Ilikuwa na mlango mmoja kwa watu wote, benchi la kukalia, na kalenda za bure zenye picha ya meli. Karani wao, Wenceslaus, alimkalisha Mwanne kitini akaanza kumweleza riba.

"Ngoja, baba," Mwanne akasema. "Kuweka najua. Hebu nieleze kutoa."

Wenceslaus akacheka. "Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo siku ya kwanza."

"Ndiyo maana wako kwenu. Nieleze."

Akaeleza. Mwanne akaonyesha dole lake. Wenceslaus akalitazama akasema si kitu, watalipokea hivyo hivyo, kovu na yote.

"Mwaka ujao ngozi hii itakuwa imebanduka, na labda nimeungua pengine. Utanijua?"

Kijana alinyamaza, na kwa kunyamaza huko Mwanne alimheshimu. Ndiye mtu wa kwanza wa benki ambaye hakumdanganya.

"Naweza kuandika jina langu kwa Kiarabu," akasema.

"Bwana hasomi hayo, mama."

"Najua. Nilitaka tu kusikia kama hapa wanalisema vingine."

Wenceslaus akainama mbele. "Iko njia. Lete ndugu wa damu mwenye dole zuri. Akaunti iwe na majina mawili, lako na lake, na dole liwe lake. Akija yeye, fedha zinatoka siku hiyo hiyo. Hakuna Dar es Salaam."

Mwanne alifikiri siku nne. Methali ya mtegemea cha nduguye hufa maskini aliijua tangu utoto. Lakini hiki hakikuwa cha nduguye. Kilikuwa chake, na hilo ndilo lililomuuma. Siku ya tano mwizi akaingia kwa jirani akachukua hadi sufuria yenye wali. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Akamwambia Zamda avae.

Pale mezani Zamda aliunyoosha mkono wake kama bibi harusi. Dole likatoka kwenye karatasi zuri ajabu, kila mstari umeonekana, duara ndani ya duara. Wenceslaus hakujizuia.

"Dole safi sana hili! Mkono huu haujafanya kazi ngumu."

"Hata nyepesi," Mwanne akasema.

Karani mwenzake akaitwa kutazama. Zamda akatabasamu, na tangu utoto hakuwa amewahi kusifiwa kwa kitu alichokuwa nacho mkononi. Mwanne aliyatazama madole mawili juu ya meza, lake lililochemsha nta kwa miaka kumi na saba na la mdogo wake lililolala miaka hiyo hiyo, akaona ni lipi dunia inaloliamini.

Jioni ya siku hiyo Zamda alikwenda mekoni, akachukua mwiko kama alivyokwisha kuzoea, akaanza kukoroga. Nta ikachemka, ikarusha tone. Mwanne akapiga kelele ambayo majirani waliisikia.

"Toka hapo! Dole!"

Akampokonya mwiko. Zamda alisimama kando akishangaa, kisha taratibu akaelewa. Hakushika kuni tena, wala ndoo, wala kisu cha kukatia vitunguu. Alilifunga dole kitambaa cheupe, akajilaza. Ukafika mfungo akataka tende za Kasamali, zile za kwenye bati. Ukafika mfungo akataka tende za Kasamali, zile za kwenye bati. Mwanne akinung'unika, Zamda alicheka: "Hata benki zina gharama zake, dada." Mwanne alilipa. Angefanyaje? Alimpikia, akamfulia, akamchotea maji, akamtunza kama yai.

Ukaja mwezi wa nane wa mwaka wa hamsini na tatu. Bi Maua, mjane wa Ng'ambo, alikuwa anauza nyumba yake ahamie kwa mwanawe Kigoma. Ilikuwa nyumba ndogo, vyumba viwili, lakini ilikuwa na ua, na ua ule ulitosha meko mawili. Alitaka elfu moja na mia tatu. Kodi ya Isevya na matumizi ya Zamda yalikuwa yameimega akiba, lakini Mwanne alikuwa nazo zote benki, kasoro tano tu, na hizo tano alikuwa nazo kwenye pindo. Bi Maua alimwambia waziwazi: yupo mwingine, anakuja na fedha adhuhuri. Atakayetangulia ndiye mwenye nyumba.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Mwanne alikimbia kutoka Ng'ambo hadi Isevya, yeye mtu mzima, kanga inamponyoka, wachuuzi wanamuuliza nani kafa. Alimkuta Zamda juu ya kitanda, mito mitatu mgongoni, miguu na mikono ameinyoosha mbali na mwili, imepakwa hina mbichi mpaka kwenye vifundo.

"Inuka, mdogo wangu. Nyumba! Ya Bi Maua. Twende benki sasa hivi, anangoja mpaka adhuhuri."

Zamda akamtazama, akazitazama hina zake. Aliinua mkono wa kulia kidogo, dole limejaa tope jeusi la hina, akalipuliza taratibu.

"Leo, dada? Nimepaka sasa hivi. Nikiitoa haitashika, na harusi ya jirani ni keshokutwa." Akafumba macho. "Si twende kesho asubuhi."

Mwanne alisimama mlangoni. Angeweza kumkamata kwenye mkono ule mororo akamburuta hadi njia ya stesheni. Nguvu alikuwa nazo, za mtu aliyekamua magunia ya nta nusu ya umri wake. Lakini wakivutana dole likachubuka? Likitonoka ukucha? Zamda akinuna juma zima? Akafungua mdomo kusema neno la ukali, akaona kwamba neno lililomjia ni lile la kuombeleza, lile alilolisema mbele ya nondo.

"Tafadhali, Zamda."

"Kesho, dada. Hina haina haraka."

Nje jua lilikuwa linapanda. Mwanne akakaa kizingitini, akaiweka mikono yake mapajani, akaitazama hina ya mdogo wake, akangoja benki hiyo ifunguliwe.